Kabla ya Okestra, Watu Wanne

Mwaka 2010 mpiga picha Andrew McConnell alimkuta Joséphine Nsimba Mpongo katika mtaa wa Wakimbangu mjini Kinshasa, akifanya mazoezi ya selo. Picha aliyompiga ilipata tuzo ya World Press Photo mwaka uliofuata, ikazunguka dunia. Kwa kijana wa Kakontwe, Likasi, anayeitamani ala hiyo, somo kubwa halionekani kwenye picha. Mchana Mama Joséphine alikuwa akiuza mayai katika soko kuu la Kinshasa; jioni nyingi za juma alikuwa mazoezini na wenzake wa Orchestre Symphonique Kimbanguiste. Alikuwa na kazi ya kumlisha, na alikuwa na kundi linalomngoja. Anayekosa kimoja kati ya hivi viwili huiacha selo mapema, hata awe na kipaji cha namna gani.

Ushauri anaopewa kijana wa aina hiyo huwa ni uleule: atafute ala, atafute mwalimu, afanye bidii, kisha aombe nafasi Ulaya. Hakuna ubaya ndani yake, ila umepangwa kwa ajili ya mtu anayeishi karibu na konsevatori. Likasi iko kilomita zipatazo 120 kutoka Lubumbashi, na Kinshasa iko upande wa pili wa nchi. Hapa mpangilio ufuate hali ya hapa. Kwanza wapatikane watu wanne wanaokubali kukutana kila juma. Mengine yote, pamoja na okestra, yajengwe juu ya hao.

Okestra ya Kinshasa yenyewe ilianza hivyo, kwa watu kabla ya vifaa. Armand Diangienda, rubani aliyepoteza kazi, aliianzisha mwaka 1994 bila kuwa amesomea muziki konsevatori. Ni mjukuu wa Simon Kimbangu, mhubiri aliyefungwa na Wabelgiji mwaka 1921 na kufia kifungoni Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, tarehe 12 Oktoba 1951. Kwa hiyo historia ya okestra hiyo inagusa ardhi ya Katanga. Diangienda alikusanya waumini wa kanisa la Wakimbangu, na ala zilikuwa chache kiasi kwamba fidla moja iliwahudumia watu kadhaa: mmoja anapiga kwa dakika 20 hivi, anampa mwenzake. Uzi ukikatika, waya wa breki ya baiskeli ulishika nafasi yake. Joseph Masunda Lutete, aliyepiga viola, alikuwa fundi umeme na kinyozi, na taa zikizimika yeye ndiye aliyezishughulikia. Albert Matubanza alijifundisha kuunda ala za nyuzi, hata besi kubwa. Wajerumani Claus Wischmann na Martin Baer waliwafuata watu hao katika filamu yao ya mwaka 2010, Kinshasa Symphony, walipokuwa wakiiandaa Simfoni ya 9 ya Beethoven. Mwaka 2013 Diangienda alifanywa mwanachama wa heshima wa Royal Philharmonic Society ya London, na mwaka 2014 okestra ilipiga Uingereza. Miaka 20 ilikuwa imepita tangu siku za fidla ya kupokezana.

Miaka 20 ni mingi, na kundi la Kinshasa lilikuwa na kanisa kubwa nyuma yake. Ndiyo maana kwa Kakontwe muziki wa kundi dogo, yaani muziki wa chumbani, unafaa kutangulia. Okestra kamili ya simfoni huhitaji selo 8 hadi 12 peke yake, pamoja na fidla, viola, besi kubwa, filimbi, tarumbeta, ngoma, kiongozi na ukumbi. Kwarteti ya nyuzi huhitaji fidla mbili, viola moja, selo moja na chumba chenye viti vinne. Haina kiongozi mwenye kijiti; kila mmoja husikiliza pumzi ya mwenzake na kuamua. Haydn, ambaye wengi humwita baba wa aina hii ya muziki, aliandika kwarteti 68 zinazotambuliwa kuwa zake, Beethoven 16, na zote zinapatikana bure kwenye maktaba za noti za mtandaoni kwa sababu haki zake zilikwisha muda mrefu. Katika kwarteti mpiga selo hana pa kujificha. Akikosea mapigo, wote watatu wanapotea, maana yeye ndiye sakafu ya sauti. Mwaka mmoja wa kazi hiyo humfundisha kusikiliza kuliko miaka mitatu ya kukaa safu ya nyuma katika okestra.

Wenzake watatu atawapata wapi? Kwenye kwaya. Likasi haina uhaba wa kwaya, iwe parokiani au kwa Wamethodisti, ambao kituo chao kikubwa cha Mulungwishi hakiko mbali. Mwanakwaya aliyezoea solfeji na kuimba kwa sauti nne tayari ana nusu ya elimu ya kwarteti: anajua kushika sauti yake huku nyingine tatu zikienda kwingine. Katanga ina rekodi yake katika hili. Missa Luba, iliyozaliwa Kamina na kuimbwa na vijana wa Padre Guido Haazen tangu mwaka 1958, ilijengwa juu ya masikio ya waimbaji waliojua kupanga sauti papo hapo.

Njia ya kuhama kutoka kwaya kwenda kwarteti ni fupi kuliko inavyodhaniwa. Uchukuliwe wimbo wowote ambao kwaya inaujua vizuri, wenye sauti nne zilizoandikwa. Soprano inakwenda kwa fidla ya kwanza, alto kwa fidla ya pili, teno kwa viola, besi kwa selo. Mpiga selo ana bahati, kwa kuwa karatasi ya besi ya kwaya imeandikwa kwa ufunguo uleule wa fa anaousoma yeye, na besi ya binadamu ni nadra kushuka chini ya mi au fa, ilhali uzi mnene wa selo unafika do. Atasoma bila kubadilisha kitu. Viola ndiyo itakayodai kazi ya kalamu, maana husomwa kwa ufunguo wa do, hivyo sauti ya teno lazima inakiliwe upya. Alto nayo ikaguliwe: fidla haishuki chini ya sol yake ya mwisho, na alto wa kwaya huweza kuigusa fa. Noti hiyo ipandishwe oktava moja au iachiwe viola. Kijana atakayekaa jioni mbili kunakili nyimbo tatu kwa namna hii atakuwa amejifunza mpango wa sauti kuliko anayesoma kitabu kizima, na kundi litakuwa na kitu cha kupiga ambacho mama zao wanakijua.

Na viola isipopatikana? Gitaa lichukue nafasi. Likasi ina haki ya kujivunia jambo hili. Hapa, enzi mji ukiitwa Jadotville, ndipo mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipomrekodi mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda mwaka 1952, na miaka 17 baadaye Mwenda alipiga kwenye tamasha la Newport, Marekani. Kidole gumba chake kilishika besi huku kidole cha shahada kikitembeza wimbo juu yake. Kwa mtindo huo, selo inaweza kuichukua kazi ya kidole gumba, ikidonolewa kwa vidole bila upinde, na kumwachia mpiga gitaa uhuru wa juu. Magitaa mawili na selo moja ni kundi halisi la muziki wa chumbani. Asitokee mtu wa kuwaambia wanaopiga hivyo kwamba wanasubiri muziki wa kweli. Huko Zanzibar selo na fidla zimekaa ndani ya vikundi vya taarab kando ya kanuni na udi kwa miongo mingi. Nadi Ikhwan Safaa ilianza mwaka 1905, Culture Musical Club mwaka 1958. Wapigaji wa vikundi hivyo hawakuomba ruhusa ya Vienna.

Sasa ala yenyewe. Selo si lazima iwe kubwa: kuna ya ukubwa kamili, ambayo mwili wake una urefu wa sentimita 75 au 76, kisha robo tatu, nusu na robo kwa watoto. Mzazi asimnunulie mtoto wa miaka tisa selo kubwa kwa hoja ya kwamba ataikulia. Mkono mdogo ukilazimishwa kunyoosha vidole kupita uwezo wake huumia, na kuumia huko hudumu.

Ya mitumba ndiyo watakayoipata vijana wengi wa hapa, ikiletwa na ndugu au mmisionari, na ichunguzwe kabla ya fedha kutoka mfukoni. Shingo ya ala itazamwe kwa jicho moja kutoka juu, kama imenyooka. Ukingo wa mwili wote ugongwe polepole kwa kifundo cha kidole: mahali palipounganika vizuri hujibu kwa mlio mkavu, palipoachia hutetema au kusikika mlegevu. Palipoachia panatengenezeka kwa gharama ndogo. Ufa unaopita chini ya daraja, upande wa uzi mwembamba, ni habari nyingine, kwa sababu ndani yake, karibu na mguu wa daraja, kuna kijiti kinachoitwa nguzo ya sauti, na nyuzi nne kwa pamoja huvuta kwa nguvu inayozidi kilo 50. Ufa wa pale unafaa kumfanya mnunuzi arudishe ala, hata bei iwe ya kuvutia.

Fundi seremala mzuri wa Kakontwe anaweza kufanya mengi: kiti cha kimo sahihi, ubao wa kuzuia mguu wa chuma wa selo usiteleze kwenye sakafu ya saruji, kabati la kutunzia. Anaweza hata kuunganisha ukingo ulioachia, kwa sharti moja zito. Asitumie gundi nyeupe ya mbao. Selo huunganishwa kwa gundi ya ngozi ya wanyama, ambayo huachia kwa maji ya moto na kisu chembamba, ili siku ya matengenezo ala ifunguke bila kuvunjika. Gundi nyeupe ikishaingia, fundi wa ala atakayekuja baadaye atalazimika kuvunja mbao.

Hali ya hewa ya Haut-Katanga ni kali kwa mbao kuliko watu wanavyodhani. Kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, hewa hukauka na usiku huwa baridi. Mbao husinyaa, vigingi vya nyuzi vinateleza, viungo vinafunguka vyenyewe usiku wa manane kwa mlio unaoshtua nyumba nzima. Mvua zikija, mbao huvimba na vigingi vinakwama. Ala za namna hii hupenda unyevu wa asilimia 40 hadi 60. Dawa ya kiangazi ni rahisi: kikopo cha sabuni cha plastiki kilichotobolewa matundu, ndani yake sponji iliyoloweshwa na kukamuliwa hadi isidondoke, kiwekwe ndani ya mfuko wa ala karibu na shingo. Sponji ikaguliwe kila siku mbili. Pili, vumbi. Wanajiolojia wanalijua jina la Kakontwe kwa sababu ya mawe yake ya chokaa, na anayeishi karibu na machimbo anajua vumbi linavyotua juu ya kila kitu. Likichanganyika na unga wa kolofani, ile resini inayopakwa kwenye nywele za upinde, huganda chini ya nyuzi na kula rangi. Kitambaa laini kikavu kipite kila baada ya kupiga, na kingine tofauti kwa nyuzi.

Mambo mawili madogo huokoa fedha nyingi. Upinde ulegezwe kila unapowekwa chini, la sivyo mti wake hupinda. Na nyuzi zibadilishwe moja moja: zikitolewa zote kwa pamoja, daraja linaanguka, nguzo ya sauti inaanguka ndani, na kuisimamisha tena kunahitaji chombo maalumu na mtu anayejua. Uzi wa akiba wa kwanza kununua ni wa la, ule mwembamba, maana ndio unaochakaa upesi. Waya wa baiskeli uliwaokoa watu wa Kinshasa siku ambazo hakukuwa na njia nyingine, na wanastahili heshima kwa hilo. Lakini mkazo wake haupimiki, na mwenye uwezo wa kungoja uzi halisi angoje.

Mwili nao una mipaka. Selo hupigwa mtu ameketi ukingoni mwa kiti, nyayo zote mbili chini, mgongo haugusi kiti. Kiti kikiwa kifupi, magoti hupanda juu ya nyonga na kiuno huanza kulalamika baada ya miezi. Mazoezi ya dakika 30 yenye pumziko la kusimama na kunyoosha mikono yana faida kuliko saa mbili za mfululizo, na maumivu ya kifundo cha mkono yanayorudi siku tatu mfululizo ni amri ya kupumzika. Anayejipatia riziki kwenye machimbo ya mkono avae glavu nzito bila kujali wenzake wanasema nini, na kama kuna kazi nyingine ya kumlipa sawa, aichague. Kidole cha mkono wa kushoto kilichopondwa na jiwe hakirudi kwenye uzi kama kilivyokuwa.

Mwalimu wa kudumu akikosekana, kijana asikae bure wala asijifundishe ovyo. Jambo la kuepuka ni mshiko mbaya wa upinde, kwa kuwa mkono ukishauzoea huchukua muda mrefu kuuacha. Miezi mitatu ya kwanza itumike kwenye nyuzi tupu, do, sol, re, la, upinde ukitembea sambamba na daraja, mbele ya kioo. Simu yenye kamera ni mwalimu msaidizi mzuri: ajirekodi kwa dakika mbili kila Jumamosi, ajilinganishe na juma lililopita, na anapopata nafasi ya kumwona mpigaji mzoefu Lubumbashi au kwingine, awe na video za kumwonyesha. Saa moja na mtu kama huyo mara moja kwa miezi miwili, ikiwa imeandaliwa kwa maswali yaliyoandikwa, inatosha kumrekebisha. Pablo Casals aliokota Suti sita za Bach za selo katika duka la noti Barcelona mwaka 1890, akiwa na miaka 13, na alizifanyia kazi kwa zaidi ya miaka kumi kabla ya kuthubutu kuzipiga hadharani. Suti ya kwanza ipo bure mtandaoni kwa yeyote mwenye simu.

Fedha ni sura inayoogopwa kusemwa, na kunyamaza kumewavunja wengi. Wapigaji wa okestra ya Kinshasa waliishi kwa mayai, kwa saluni, kwa ufundi. Kijana wa Kakontwe apange hivyo tangu mwanzo bila kuona aibu, kwani hata Ulaya wapigaji wengi wa muziki wa chumbani huishi kwa kufundisha. Kwarteti ndogo inayojua nyimbo 20 inaweza kupata kazi kwenye ndoa, misa za shukrani, mahafali na matanga. Kabla ya kila kazi, kiongozi wa kundi na mwenye shughuli waandikiane karatasi moja: siku, saa ya kuanza na ya kumaliza, nauli, chakula, bei, na arubuni, angalau nusu, ilipwe kabla ya siku yenyewe. Mteja ambaye hataki kuandika hayo mara nyingi ndiye asiyelipa. Kwa kununua ala, likelemba inafanya kazi kuliko mkopo: watu wanne wanachanga kila mwezi, fungu linakwenda kwa mmoja kwa zamu, na kwa makubaliano fungu hilo halinunui kitu kingine isipokuwa nyuzi, upinde au ala. Wakubaliane pia tangu siku ya kwanza selo ni ya nani iwapo mmoja ataondoka. Makundi mengi hayavunjwi na muziki. Huvunjwa na swali hilo.

Anayelenga okestra ya kulipwa nje ya nchi anastahili kujua mlango ulivyo. Ujerumani, mtahiniwa wa selo karibu kila mara huombwa sehemu ya kwanza ya Konserto ya Haydn katika re kuu, kisha vipande vya okestra vinavyojirudia mwaka hadi mwaka: mwendo wa pili wa Simfoni ya 5 ya Beethoven, mwendo wa pili wa Simfoni ya 2 ya Brahms, Don Juan ya Strauss, La Mer ya Debussy. Mahali pengi raundi za kwanza hupigwa nyuma ya pazia, majaji wasione uso wala rangi. Anayeshinda hupewa kipindi cha majaribio, mara nyingi mwaka mzima, na wenzake ndio wanaopiga kura abaki au aondoke. Hapo ndipo miaka ya kwarteti inalipa, kwa sababu wanachokipima ni kama mtu huyu anasikia jirani yake.

Njia nyingine ni ile ya Abel Selaocoe wa Sebokeng, Afrika Kusini, aliyejifunzia Soweto, akasoma Royal Northern College of Music ya Manchester, na mwaka 2022 akatoa albamu Where Is Home ambamo anapiga selo, anaimba kwa koo, na kuweka muziki wa Ulaya wa zamani na nyimbo za kwao bega kwa bega. Karibu zaidi yupo Elizabeth Njoroge, aliyeanzisha Ghetto Classics huko Korogocho, Nairobi, kando ya jalala la Dandora, ambako watoto hufundishwa ala za okestra. Zanzibar kuna Dhow Countries Music Academy, iliyofunguliwa mwaka 2002. Kuandika barua kwa shule kama hizi kwa Kiswahili sanifu, kukiwa na video ya dakika nne ya kundi zima linapiga, kunamweka mwombaji mbele kuliko barua ya kurasa tatu yenye historia ya familia. Video irekodiwe mchana, ndani ya chumba chenye mapazia au mikeka ili sauti isirudi, simu ikiwa imesimamishwa mita tatu mbali na selo, na kundi lipige wimbo wote mara moja bila kukatwa. Wakikosea noti moja, waiache.

Kwa anayeanza mwaka huu, Oktoba ni mwezi mzuri wa kukutana mara ya kwanza, kabla mvua kubwa hazijaharibu njia, na nyimbo tatu za Noeli zilizonakiliwa kutoka kwenye daftari la kwaya zinatosha kuwa programu nzima. Parokia ipewe taarifa wiki sita kabla. Viti vinne bila mikono viazimwe mapema, na seremala apewe vipimo vya ubao wa mguu wa selo wiki hiyohiyo.